Baridi ndiyo inaishia: tupogoe sasa au tusubiri vuli? (Arusha na Moshi tukutane hapa)

#1 Mkulima_wa_Sakina
Wakuu, habari za Jumapili.

Nasema hivi, na anayebisha aje na hoja: nusu ya ushauri wa bustani tunaoufuata hapa mjini uliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Unafungua YouTube, mama wa watu anakwambia "mwisho wa majira ya baridi, Februari na Machi, pogoa mawaridi, pogoa miti ya matunda, anza kitalu cha nyanya ndani ya nyumba." Februari Arusha ni jua la utosi na udongo umepasuka. Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, kwa hiyo hizo kazi kwetu ni sasa hivi, Nane Nane ikishapita.

Kinachonileta ni hiki. Jirani yangu alikata mawaridi yake yote pamoja na mparachichi mwanzoni mwa Julai, siku zile za ukungu ambapo hata Meru huioni. Leo ncha za matawi aliyokata zimekuwa nyeusi, na weusi unashuka kuelekea shinani. Jirani wa upande wa pili hakugusa kitu, yake yanapendeza. Mimi nina mawaridi, mparachichi mmoja wa Hass, migomba kidogo na matuta ya mboga. Nikate sasa au ningoje vuli? Na ule weusi wa kwa jirani ni nini?

#2 ChaliiWaNgarenaro
Nimekaa paleee na kikombe cha kahawa. Endeleeni.

#3 MamaKihamba
Salama baba. Huo weusi ni baridi, hakuna cha ajabu. Mti una majani ili ujifunike, ukiukata mwezi wa saba umemvua mtoto sweta asubuhi ya Kibosho. Sisi huku juu mlimani hatukati kitu mpaka jua lirudi. Kazi ya sasa ni migomba: toa majani makavu, punguza machipukizi, bakiza mama, mtoto na mjukuu, basi. Samadi weka pembeni ya shina, usiisogeze mpaka kugusa.

#4 Rozi_Usa
Naheshimu, Mama, lakini baridi ya Sakina haiui tawi la waridi. Nimefanya kazi shamba la maua upande wa Usa River miaka mingi. Kule tunakata kila siku ya Mungu, Julai kama Januari. Ua linakatwa, jicho la chini linachipua, na baada ya wiki 6 hadi 8 una ua jingine. Wakati wa baridi linachelewa zaidi, basi. Lingekuwa linakufa kwa baridi, ile ndege ya maua isingeruka.

Weusi unaoshuka ni ukungu wa mimea ulioingia kwenye kidonda. Kidonda kibichi, hewa ina maji asubuhi hadi saa tano, ugonjwa unataka nini zaidi? Swali langu kwa mleta uzi: jirani alikata kwa kifaa gani? Na alikata umbali gani juu ya jicho?

#5 Mkulima_wa_Sakina
Rozi_Usa, alitumia panga. Juu ya jicho sijui, alikuwa anafyeka tu.

#6 ChaliiWaNgarenaro
Kesi imefungwa. Mtuhumiwa ni panga 😂

#7 Rozi_Usa
Usicheke, ndivyo ilivyo. Panga linapasua, halikati. Kile kipande kinachobaki juu ya jicho kikiwa kirefu, hakina kazi, kinakauka, na ukungu unakitumia kama mlango. Kata kwa mkasi mkali, mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje ya kichaka, na mteremko wa mkato uangalie upande usio na jicho ili maji yasitulie pale. Ukihama kutoka mche mgonjwa kwenda mwingine, futa mkasi kwa spiriti. Asubuhi yenye ukungu wa hewani mwache mkasi ndani, toka saa sita jua likitokea.

#8 Babu_wa_Ilboru
Vijana mnaongea sana kuhusu mkasi. Hamjauliza mwezi ulikuwaje siku hiyo.

#9 Kijana_wa_Rau
Shikamoo babu. Mwezi umeingiaje kwenye mawaridi?

#10 Babu_wa_Ilboru
Marahaba. Mwezi ukiwa mpevu maji ya mti yamepanda juu. Ukikata, mti unalia, na kidonda kinaoza. Sisi nguzo za nyumba tulikata mwezi ukiwa gizani, na hazikuliwa na bungua. Nenda kaangalie kalenda ya mwanzoni mwa Julai halafu urudi.

#11 Kijana_wa_Rau
Nguzo ni mti uliokwisha kufa, babu. Waridi tunataka liishi.

Halafu mimi nauliza, hiyo baridi mnayosema iko wapi? Huku Moshi chini, Julai tunavaa fulana mchana. Mawaridi ya mama yangu yanakatwa muda wowote na hayajawahi kulalamika. Watu wa Arusha mnapenda kujifanya mko Ulaya.

#12 Mwalimu_wa_Jiografia
Kijana_wa_Rau umesema jambo la maana bila kukusudia. Arusha mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki 1,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo hatuwezi kuwa na kalenda moja ya bustani kwa Sakina, Rau na Kibosho. Mama wa Kibosho na wewe mnagombana wakati kila mmoja yuko sahihi kwake.

#13 NdiziNaMbege
Baridi ya Arusha inatoka kwenye barafu ya Kilimanjaro, upepo unaisukuma. Ndiyo maana Kili haionekani miezi hiyo, imejificha inatupulizia.

#14 Mwalimu_wa_Jiografia
Hapana, ndugu. Barafu iliyobaki kule juu ni ndogo mno kupoza mkoa mzima. Miezi hiyo inavuma kusi, inabeba unyevu kutoka baharini, ikigonga mlima inapanda, inapoa, inakuwa wingu. Wingu linaziba jua mchana, nasi tuko juu, basi tunaona baridi.

Na hapa ndipo tunapoachana na Ulaya. Kwetu, nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haupishani hata nusu saa. Berlin mwezi Desemba mchana haufiki saa 8, mwezi Juni unakaribia saa 17. Mti wa kule unapata taarifa kamili kwamba msimu umegeuka.

#15 ChaliiWaNgarenaro
Sasa ticha, mti wa Sakina unajuaje kwamba baridi imeisha?

#16 Mwalimu_wa_Jiografia
Ndiyo hoja yenyewe. Waridi na mparachichi huku havilali. Vinapunguza mwendo tu. Ule ushauri wa "kata kabla mti haujaamka" unahitaji mti uliolala.

#17 Mchuga_Ughaibuni
Wadau, niko Ujerumani na bustani ndogo nyuma ya nyumba. Niwatetee hawa watu wa YouTube kidogo. Huku miti ya matunda imepukutisha majani tangu Novemba. Februari unaona umbo lote, tawi gani linasugua jingine, lipi limekufa, na mti hauna majani ya kupoteza. Mawaridi watu wanangoja kichaka kimoja kinachoitwa forsythia kitoe maua ya njano, ndiyo alama yao. Ukikata mapema, machipukizi yanatoka halafu jalidi inayachoma.

Tena usichelewe. Sheria yao ya mazingira inakataza kukata sana uzio wa miti na vichaka kuanzia Machi 1 hadi Septemba 30, kwa sababu ya ndege wanaojenga viota. Kupunguza kidogo kuweka umbo ruksa, kufyeka hapana. Nyanya unaotesha dirishani mwezi Machi, lakini hazitoki nje mpaka katikati ya Mei, zikishapita siku wanazoziita za Watakatifu wa Barafu.

#18 NdiziNaMbege
Yaani uzio wako mwenyewe, panga lako mwenyewe, halafu sheria? Huku mbuzi wa jirani wangekuwa gerezani wote.

#19 MamaKihamba
Hao Watakatifu wa Barafu nimewapenda. Sisi wetu ni mjakaranda. Ukiona umeanza kuweka zambarau, ujue umechelewa kuandaa shamba.

#20 Mchuga_Ughaibuni
Mama huo ni mfano hasahasa wa forsythia! Wanaangalia mti, hawaangalii tarehe.

#21 Kijana_wa_Rau
Mijakaranda ya Moshi inachanua kabla ya ya Arusha, kama kawaida yetu kutangulia.

#22 Mpichi_Oldonyosambu
Mwalimu (#16), unasema miti huku hailali. Mipichi yangu inapukutisha majani kila mwaka kipindi cha baridi, inabaki vijiti. Nayo haijalala? Mimi napogoa Julai mwishoni, nabakiza matawi manne makuu katikati pawe wazi, na maua yanakuja. Kwa mpichi ule ushauri wa Ulaya unafanya kazi.

#23 Mwalimu_wa_Jiografia
Mpichi ni mgeni kutoka nchi za baridi, unahitaji saa nyingi za ubaridi ili uzae vizuri, na kwako juu huko unapata kiasi. Mimi nimetaja waridi na mparachichi. Hata hivyo nakubali mstari wangu ulikuwa mpana.

#24 Mpichi_Oldonyosambu
Nashukuru. Na ukiuleta Arusha mjini usishangae ukikupa majani mwaka mzima. Kuna nchi za joto wakulima wa matufaa wanayatoa majani kwa mkono ili kuudanganya mti.

#25 Mzee_Lyamungu
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa kahawa, na mko Kilimanjaro, jamani.

Sasa hivi kahawa inaiva, watu wanachuma. Huwezi kupogolea mti wenye buni. Unasubiri mpaka umalize kuchuma, ndipo unatoa matawi yaliyochoka na yaliyokauka. Kinachofaa sasa ni kutoa maotea, yale machipukizi yanayopanda wima kwenye shina yakinyonya bure. Yakiwa bado laini unayavunja kwa mkono, kidonda kinakuwa kidogo. Na buni zilizokaukia mtini zenye chulebuni, ule ugonjwa wa buni, ziondoe zisibaki kama mbegu ya ugonjwa. Haya tumefundishwa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, hapa Lyamungu tangu 1934.

#26 Mwalimu_wa_Jiografia
Mzee, sahihisho dogo kwa heshima. Kituo cha utafiti Lyamungu ndicho cha 1934. TaCRI yenyewe ilianza 2001.

#27 Mzee_Lyamungu
Mti ni uleule, wamebadilisha kibao.

#28 ChaliiWaNgarenaro
Mzee kamaliza 😂😂

#29 Hass_Tengeru
Mleta uzi, kuhusu mparachichi ACHA MKASI CHINI. Mparachichi unatoa maua kwenye ncha za matawi. Wangu hapa Tengeru tayari umeanza kuvimba vichwa vya maua. Ukikata ncha sasa umekata matunda ya mwaka kesho kwa mkono wako. Mparachichi unapunguzwa ukishachuma, mara moja, kabla haujaanza kujiandaa kwa maua mengine. Sasa hivi toa tu tawi lililokufa, linalogusa ardhi, au lililovunjika.

Jambo jingine: ukifungua mti sana mwezi wa nane, jua la Septemba na Oktoba linalipiga gome lililozoea kivuli, linaungua na kupasuka. Wanaojua wanapaka chokaa nyeupe kwenye matawi yaliyobaki wazi. Huenda weusi wa jirani ni hilo.

#30 Rozi_Usa
Hass_Tengeru, jua lipi Julai hii? Hatujaliona. Kuungua kwa jua kunaanzia upande mmoja wa tawi, unaoelekea jua. Huo unaanzia kwenye mkato.

#31 Hass_Tengeru
Wewe umeuona? Tumesimuliwa tu sote. Mleta uzi aweke picha.

#32 Mkulima_wa_Sakina
Picha siwezi, jirani ataona napiga picha bustani yake nianze kueleza. Ila nimechungulia tena leo: mawaridi weusi unaanzia kwenye mkato kweli. Mparachichi ni tofauti, kuna tawi moja limekauka kuanzia katikati na gome limepasuka, na juu ya pasuko kuna vumbi jeupe kama sukari.

#33 Hass_Tengeru
Ahaa. Hiyo sukari nyeupe ni utomvu wa mparachichi ulioganda, mti ukijeruhiwa au kuumwa unautoa. Sasa ni magonjwa mawili tofauti, au mzizi. Bustani yake maji yanatuama? Mparachichi ukisimama kwenye maji mizizi inaoza, halafu matawi ya juu yanakauka na watu wanalaumu mkasi.

#34 Mfongo_Machame
Au maji yamekatika. Kwetu zamu ya mfongo (mfereji wa kumwagilia) ikikupita wiki mbili mwezi wa saba unadhani kwa sababu kuna manyunyu mti umekunywa. Manyunyu yanalowesha majani tu. Chimba kwa kidole, chini pakavu. Mti umekatwa, umepungukiwa majani, na mizizi imekauka. Kusafisha mfongo ni kazi ya kipindi hiki kabla vuli haijaleta takataka zake, lakini nani anatokea siku ya msaragambo, kazi ya pamoja? Wale wale.

#35 NdiziNaMbege
Mfongo_Machame tulia, tunajua ulitoka peke yako mwaka huu 😄

#36 Mfongo_Machame
Na nikakuona umekaa kilabuni.

#37 DadaNyanya_Mrombo
Habari wapendwa, samahani nawachepusha. Nyanya zangu zimefanya hivyohivyo: majani yamepata mabaka meusi ya majimaji, chini yake kuna ukungu mweupe asubuhi, ndani ya siku chache kitalu chote kimekuwa kama kimemwagiwa maji ya moto. Wenzangu wananiambia baridi imechoma. Ni baridi?

#38 Rozi_Usa
Dada, hiyo ni bakajani chelewa. Inapenda nyuzi 15 hadi 20 na majani yaliyolowa, ndiyo hali yetu yote ya Julai. Ni ugonjwa ule ule ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845. Dawa za kinga kama mankozebu zinawekwa kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaona mabaka, umebaki na kazi ya kung'oa na kupeleka mbali, siyo kwenye mboji. Umwagiliaji wa kunyunyizia juu jioni uache kabisa. Na soma kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma, tunakula sisi hizo.

#39 MamaKihamba
Kwa hiyo mwenzangu unakubali baridi ndiyo chanzo.

#40 Rozi_Usa
Mama! Baridi inafungua mlango, anayeingia ni mwingine.

#41 MamaKihamba
Basi mlango ndio wenye makosa.

#42 Kijana_wa_Rau
Huku kwetu shida ya nyanya ni mdudu Kantangaze. Aligunduliwa Tanzania 2014 na hajaondoka. Mwezi wa tisa joto likipanda ndipo anaanza sherehe. Ukiona mistari myeupe ndani ya jani na tundu kwenye nyanya karibu na kikonyo, ni yeye.

#43 DadaNyanya_Mrombo
Asanteni. Sasa kitalu kipya nianze lini? Nina mbegu za nyanya aina ya Tengeru 97.

#44 Hass_Tengeru
Anza sasa hivi. Kitalu wiki 4 hivi, unapandikiza katikati ya Septemba, unaanza kuchuma mwanzoni mwa Desemba. Bei ya sikukuu hiyo.

#45 Mfongo_Machame
Na vuli ikija Novemba inazikuta zimejaa matunda mabichi, bakajani inarudi. Mimi naotesha Julai, kwenye kibanda chenye nailoni, nachuma kabla mvua hazijachanganya.

#46 Hass_Tengeru
Kama vuli itakuja. Kuna miaka inapita kama salamu ya mtu mwenye haraka, na kuna miaka kama 1997 na 2023 ya El Nino, ilibeba matuta na mwenye matuta. Ngoja utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo uamue eneo kiasi gani.

#47 Mfongo_Machame
Mbegu hazingoji utabiri.

#48 Mboji_Njiro
Naona watu wanajadili kukata tu. Kipindi hiki cha kusubiri ndicho cha kazi zisizo na sifa. Geuza mboji, maana kwenye baridi imelala. Ilowe kama haijalowa, changanya samadi mbichi kidogo ipate moto. Jaza viriba. Noa jembe. Zibua mitaro ya maji kuzunguka nyumba. Tandaza majani ya mgrevilea na majani makavu ya migomba kwenye matuta, kwa sababu Septemba na Oktoba kabla ya vuli ndiyo miezi inayokausha bustani kuliko baridi yote tuliyolalamikia. Matandazo yasiguse shina, konokono na sota wanajificha hapo.

Na kama una nafasi, kabichi, karoti na figiri bado zinafurahia ubaridi huu. Usiache tuta wazi ukisubiri msimu. Kwetu hakuna msimu wa bustani kupumzika.

#49 Mkulima_wa_Sakina
Mboji_Njiro samadi mbichi. Nimekumbuka: jirani baada ya kukata alimwaga samadi mbichi ya ng'ombe kwenye mawaridi yote, hadi shinani. Inaweza kuwa hiyo?

#50 Mboji_Njiro
Inaweza. Samadi mbichi ikigusa shina inaunguza, tena chumvi yake inavuta maji kutoka kwenye mizizi. Lakini kuungua kwa samadi kunaanzia chini, majani yanakauka pembeni. Wewe unasema weusi unashuka kutoka juu.

#51 Babu_wa_Ilboru
Hamjaangalia kalenda ya mwezi bado.

#52 ChaliiWaNgarenaro
Hadi sasa watuhumiwa: baridi, panga, ukungu, jua, maji mengi, maji kidogo, samadi na mwezi. Jirani peke yake ndiye hajahojiwa.

#53 Mzee_Lyamungu
Panga na mwezi wa saba vimekutana. Kimoja peke yake mti ungevumilia. Dawa ya vidonda vikubwa tuliyotumia ni mrututu (ile chumvi ya shaba ya bluu) na chokaa, unakoroga kila kimoja kwenye maji yake ndipo unachanganya, unapaka kwa brashi. Tumia ndoo ya plastiki, mrututu unakula bati. Vaa glovu, na watoto wakae mbali. Kwanza lakini arudi akate tena chini ya weusi mpaka aone mti mweupe wa ndani. Asipofanya hivyo kupaka ni kupamba maiti.

#54 Rozi_Usa
Hapo nimekuunga mkono mzee, isipokuwa kwa waridi dogo sipaki kitu. Kidonda safi kikavu kinajifunga chenyewe.

#55 Mzee_Lyamungu
Kidonda kikavu Sakina mwezi wa nane utakitoa wapi?

#56 Mkulima_wa_Sakina
Basi nimeelewa hivi: mparachichi siugusi zaidi ya makavu. Mawaridi ntapunguza wiki hii jua likitoka mchana, kwa mkasi. Nyumbani sina mkasi mzuri, wa maana unapatikana wapi? Ule nilionunua kwa machinga ulipinda kwenye tawi la kwanza.

#57 Hass_Tengeru
Maduka ya pembejeo karibu na soko la Kilombero, shika mkononi kabla hujalipa. Uufungue na kuufunga, usiwe na nafasi kati ya makali mawili. Au subiri Jumamosi uje mnadani Tengeru, kuna mzee ananoa hapo hapo.

#58 MamaKihamba
Mimi nasema subiri Septemba. Mawaridi ya jirani wa pili ambayo hayakukatwa si yanapendeza? Wenyewe mmesema.

#59 Rozi_Usa
Yanapendeza sasa, Mama. Yasipokatwa yatakuwa marefu kama mlingoti, maua mawili juu.

#60 Kijana_wa_Rau
Njooni Moshi mkate mnapotaka.

#61 Mpichi_Oldonyosambu
Nje ya mada kidogo. Chini ya mpichi mmoja kuna vichuguu vya udongo vimejitokeza wiki hii, na mche wa mparachichi jirani yake umelala upande, ukiuvuta unatoka mzima, hauna mizizi. Mchwa?

#62 Mfongo_Machame
Mchwa hali mizizi yote na kukuachia shina kijani. Huyo ni fuko.

#63 NdiziNaMbege
Mwagia maji ya sabuni tunduni.

#64 Mboji_Njiro
Panda vitunguu saumu kuzunguka, hapendi harufu.

#65 Babu_wa_Ilboru
Uongo huo. Alikula saumu zangu. Fuko ni mtego wa waya na fimbo inayopinda, ndani ya njia yake.

#66 ChaliiWaNgarenaro
Fuko aanzishiwe uzi wake wakuu, huu umeshajaa.

#67 Mfongo_Machame
Kabla hujaanzisha, Mpichi: fumua tundu moja leo jioni uliache wazi. Kesho asubuhi ukikuta limezibwa kwa udongo mbichi, yumo na hiyo ndiyo njia ya kutegea. Likiwa bado wazi amehama, usipoteze waya.

#68 Mpichi_Oldonyosambu
Nimefumua mawili. Ntarudi kesho.